Magari ya BYD yanatengenezwa wapi hasa?

Ukienda mjini siku hizi unaweza kukutana na gari lenye herufi tatu nyuma: BYD. Ni gari la Kichina, hilo wengi wanalijua. Lakini je, kila BYD inatoka China? Jibu ni kwamba nyingi zinatoka huko, ila si zote, na tofauti hiyo inamgusa mnunuzi hadi mfukoni.

Kampuni ya BYD ilianzishwa mwaka 1995 na Wang Chuanfu katika mji wa Shenzhen, kusini mwa China. Haikuanza na magari. Ilianza na betri za kuchaji, zikiwemo za simu za mkononi. Mwaka 2003 ilinunua kiwanda kidogo cha magari katika mji wa Xi'an, na hapo ndipo ikaingia kwenye biashara ya magari. Machi 2022 iliacha kutengeneza magari yanayotumia petroli peke yake. Sasa inatengeneza ya umeme, pamoja na ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme.

Viwanda vyake vikubwa viko China: Shenzhen, Xi'an, Changsha, Hefei, Zhengzhou na miji mingine. Mwaka 2024 BYD iliuza magari zaidi ya milioni 4, na kati ya hayo kama 417,000 tu yaliuzwa nje ya China.

Kwa nini basi ijenge viwanda nchi nyingine? Sababu kubwa ni ushuru. Mwishoni mwa Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru wa asilimia 17 kwa magari ya umeme ya BYD yanayotoka China, juu ya asilimia 10 iliyokuwepo. Gari likitengenezwa ndani ya Ulaya, ushuru huo haulipwi. BYD ilichagua mji wa Szeged, Hungary, kujenga kiwanda cha magari madogo. Katika nchi hiyohiyo, mjini Komárom, ilikuwa tayari inatengeneza mabasi ya umeme.

Julai 2024 ilifungua kiwanda Rayong, Thailand, chenye uwezo wa kutoa magari 150,000 kwa mwaka. Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia.

Nchini Brazil, BYD ilichukua eneo la Camaçari, ambako Ford ilifunga kiwanda chake mwaka 2021 na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Magari yalianza kuunganishwa hapo mwaka 2025, kwanza kwa vipande vilivyoletwa kutoka China. Lakini Desemba 2024, wakati ujenzi ukiendelea, wakaguzi wa kazi wa Brazil walisema wamewakuta wafanyakazi 163 kutoka China, walioletwa na mkandarasi, wakiishi katika hali inayofanana na utumwa. BYD ilivunja mkataba na mkandarasi huyo. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuleta ajira, lakini serikali lazima iangalie ni ajira ya namna gani.

Hapa Afrika Mashariki, mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilianza kujaribu jijini Nairobi mabasi mawili ya umeme ya BYD yenye viti 25. Baadaye mabasi ya BasiGo yakaanza kuunganishwa hapohapo Kenya. Kuunganisha si sawa na kutengeneza kila kitu: vipande vinakuja na meli, mafundi wetu wanavifunga. Hata hivyo, fundi aliyelifunga gari anajua pia kulifungua linapoharibika.

Utajuaje gari lilikotoka?

Angalia namba ya chasisi. Mara nyingi iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, au kwenye nguzo ya mlango. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na L, gari ni la China. Ikianza na J, ni la Japan. Magari mengi ya mtumba yaliyouzwa kwanza ndani ya Japan yana namba fupi zaidi, kwa hiyo usishtuke. Ila muuzaji akikuambia "hili la Japan" na namba ya tarakimu 17 imeanza na L, muulize vizuri. Gari lililounganishwa kwa vipande nalo linaweza kubeba namba ya nchi vilikotoka.

Kutengenezwa China hakulifanyi gari kuwa bovu. Kabla hujatoa fedha uliza: vipuri vinapatikana wapi? Betri ina dhamana ya miaka mingapi, na dhamana hiyo inatambulika hapa nchini? Fundi wa karibu anayelijua yuko umbali gani na kijiji chako?