Mimba Baada ya Kufunga Kizazi

Mwanamke aliyefunga kizazi huhesabu kwamba habari ya mimba imekwisha. Kwa wengi kweli imekwisha. Lakini wapo wachache wanaoshika mimba tena, wengine baada ya miaka mingi, na hao ndio wanaopaswa kuonywa mapema, hasa kama wanaishi juu milimani Uluguru, mbali na chumba cha upasuaji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 1,000 waliofunga, 5 hivi hushika mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Ukihesabu miaka 10, wanafika 18 au 19. Makadirio ya miaka 10 yanalingana na utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1996. Watafiti walifuatilia wanawake 10,685 kwa miaka 8 hadi 14, na 143 kati yao walipata mimba. Waliofunga wakiwa vijana walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa bado walikuwa na miaka mingi ya kuzaa mbele yao.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta takriban asilimia 3 ya wanawake walio katika ndoa wamefunga kizazi. Asilimia inaonekana ndogo, lakini ukiigeuza kuwa watu ni akina mama wengi sana.

Upasuaji wenyewe hauchukui muda mrefu. Mama huchomwa sindano ya ganzi chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, naye hubaki macho, akiweza hata kuzungumza na muuguzi. Daktari hupasua sentimita chache, akautafuta mrija wa uzazi na kuuvuta taratibu hadi aone ncha yake yenye vishada. Hatua hiyo haina njia ya mkato: karibu na mrija kuna kano linalofanana nao, na likifungwa hilo kwa makosa, mama atarudi nyumbani mrija ukiwa mzima. Akishahakikisha, huukunja mrija kama kitanzi, hufunga shingo ya kitanzi hicho kwa uzi unaoyeyuka mwilini, kisha hukata sehemu ya juu. Uzi ukiyeyuka, ncha mbili huachana na kila moja huziba kwa kovu. Kisha anahamia mrija wa pili.

Mwili, hata hivyo, una tabia ya kujitibu. Mara chache ncha zilizokatwa hukutana tena, au kovu hufanya kitundu chembamba ambacho mbegu ya kiume hupita. Sababu nyingine ni nyepesi kuizuia: mama huenda alikuwa na mimba changa siku ile ile aliyopasuliwa. Ndiyo maana mtoa huduma huuliza kwa makini tarehe ya hedhi ya mwisho, na ndiyo maana siku chache za kwanza baada ya kujifungua ni wakati mzuri wa kufunga.

Jambo zito zaidi ni mahali mimba hiyo inapotunga. Katika utafiti ule wa Marekani, karibu theluthi moja ya mimba zilitunga nje ya mfuko wa uzazi, nyingi zikiwa ndani ya mrija. Sababu inaeleweka: kitundu kinachotosha mbegu kupita hakitoshi yai lililorutubishwa kupita kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Mimba hukua pale pale, mrija ukapasuka, na damu ikamwagikia tumboni. Dalili zake ni maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kutokwa na damu kidogo ukeni, kizunguzungu, kuzimia. Wengine huumwa bega, jambo linalowafanya wadhani ni uchovu wa kubeba mizigo.

Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji upasuaji na damu ya kuongezewa, tena haraka. Anayetoka Nyandira au Bunduki, huko milimani Uluguru, lazima ateremke hadi Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa, ndipo aelekee Morogoro mjini iliko hospitali ya rufaa ya mkoa. Masika yakikolea, njia hiyo huteleza na gari hukawia. Kungoja kuona kama tumbo litatulia hadi asubuhi kunaweza kumgharimu mama maisha yake.

Kwa hiyo ushauri nasaha wa kufunga kizazi unapaswa kubeba maneno mawili matatu zaidi ya yale yaliyozoeleka. Hedhi ikikawia, hata kama ni mwaka wa tisa tangu ufunge, nenda zahanati ukapime mkojo. Kipimo kikionyesha mimba, usirudi nyumbani kusubiri. Omba rufaa ukapigwe utrasaundi ijulikane imetunga wapi. Na ukifika, anza kwa kusema kwamba umefunga kizazi, kwa sababu mhudumu asiyejua hilo anaweza kukutibu tumbo la kawaida. Mume naye aambiwe haya mke angali hajapasuliwa, ili mimba ikitokea asianze kwa kumtuhumu mkewe kwamba alimdanganya, wakati saa zinakwenda.