Uvira: Gari likikohoa unapokanyaga mafuta, anza na chupa kabla ya kununua pampu

Asubuhi pale Kavimvira gari linawaka bila shida. Injini inanguruma sawasawa, abiria wanapanda, mizigo inafungwa juu. Mpaka Kiliba hakuna neno. Shida inaanza dereva anapotaka kulipita lori lililo mbele yake. Anakanyaga mafuta, na badala ya kuruka mbele gari linasita, linakohoa mara mbili tatu, ndipo linashika tena. Kwa muda huo, gari la upande wa pili limekwisha karibia.

Kwa anayefanya kazi ya taksi kati ya Uvira na Bukavu, sekunde mbili hizo si jambo dogo. Barabara ya taifa namba 5 inapita kwanza uwanda wa Ruzizi, ambako watu hukimbiza gari, halafu baada ya Kamanyola inapanda milima ya Ngomo, yenye kona kali na korongo kando yake. Injini inayokata nguvu katikati ya kupita gari lingine inaweza kuua watu.

Kuna na upande wa mfuko. Dereva akifika kwa fundi na kusema gari linakohoa, mara nyingi jibu linakuja haraka: ni pampu. Pampu inatafutwa Bukavu au Bujumbura, inafungwa, na gari linaendelea kukohoa. Inafuata bobini, kisha injekta. Mwenye gari anangoja pesa yake ya jioni, na dereva amekwisha nunua vipuri vitatu ambavyo gari halikuvihitaji.

Kwa nini injini isiyo na tatizo ikiwa imesimama inashindwa inapokanyagwa? Esansi haiungui peke yake. Kilo moja yake inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa, na cheche iwake kwa wakati wake. Gari likiwa limesimama, kazi ni ndogo: esansi kidogo, hewa kidogo, cheche dhaifu inatosha. Ukikanyaga ghafla, hewa inaingia kwa wingi na kompyuta ya gari inapaswa kuongeza esansi papo hapo. Wakati huohuo mkandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi ili iruke. Kifaa chochote kilichochoka kinajionyesha hapo. Ndiyo sababu kulikagua gari likiwa limesimama uani, bila mzigo, mara nyingi hakusaidii kitu.

Kabla ya kugusa spana, kuna jambo moja la kutazama: mshale wa mizunguko ya injini, kama gari linao. Ukikanyaga na mshale ukapanda juu lakini gari haliendi, injini ni nzima. Ni klachi au giaboksi inayoteleza. Mshale wenyewe ukitetemeka au kuanguka, hapo ndipo kuna ugonjwa wa injini. Si madereva wachache waliolipia bujie mpya kwa ajili ya klachi iliyokwisha.

Jambo la pili ni kukumbuka ni lini hasa gari linasita. Likikohoa pale mguu unapokanyaga tu, kisha likawa sawa, shida mara nyingi iko upande wa hewa au wa sensa zake. Likianza vizuri halafu likaishiwa nguvu kadiri mlima unavyoendelea, esansi haifiki ya kutosha. Likirukaruka kwa mpigo, kama mtu mwenye kwikwi, na zaidi likiwa na mzigo, fikiria cheche. Na kama lilikuwa zima jana, likaanza leo baada ya kujaza mafuta, basi hakuna haja ya kutafuta mbali.

Uvira, mafuta yanastahili kutazamwa kabla ya yote. Sehemu kubwa ya esansi hapa haitoki kwenye pampu ya stesheni. Inatoka kwenye chupa na bidoni za wauzaji wa kando ya barabara, wale wanaoitwa makadhafi. Mwaka 2024, Burundi ilipokosa mafuta, watu wa Bujumbura walikuwa wakivuka Gatumba kuja kutafuta esansi Uvira, na bidoni zilizidi kupita mkono hadi mkono. Si kila muuzaji ni mdanganyifu, na wengi wao wanauza wanachokipata. Lakini bidoni ina historia yake. Huenda jana ilibeba petroli ya taa. Huenda ilitumika kwa mashine ya mtumbwi pale Kalundu, ambako esansi huchanganywa na oili. Huenda ilikaa wazi usiku mzima katika mvua.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Chukua chupa safi inayoonyesha ndani, itie esansi kidogo, uiache itulie nusu saa mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na jenereta. Lita ya esansi ina uzito wa gramu 740 hivi, na ya maji ina kilo moja, kwa hiyo maji yatashuka chini na mstari kati yao utaonekana kwa jicho. Mchanga na kutu pia vitakaa chini. Kwa petroli ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Iliyochanganywa na petroli au oili inaacha duara la mafuta lisilokauka. Esansi ya namna hiyo hufanya injini igonge inapopanda mlima, sauti kama ya kokoto ndani ya kopo. Gari lenye sensa ya kusikia mgongo huo hupunguza nguvu lenyewe ili lijilinde, na dereva anadhani injini imezeeka.

Kuna mazoea mengine yanayoua pampu polepole, na hayazungumzwi vya kutosha. Taksi nyingi hutembea na lita tatu au nne tu, kwa sababu mafuta hununuliwa kadiri abiria wanavyolipa. Inaeleweka, pesa ndiyo hiyo. Lakini katika magari mengi ya injekta, pampu iko ndani ya tanki na inapozwa na esansi inayoizunguka. Tanki likiwa karibu tupu kila siku, pampu inapata joto, na inavuta taka zilizolala chini. Kwenye mlima hali inakuwa mbaya zaidi, maana esansi kidogo iliyobaki inakimbilia nyuma ya tanki na pampu inavuta hewa. Dereva ambaye gari lake linakohoa Ngomo lakini halikohoi Sange ajaribu kwanza kupanda na robo ya tanki.

Baada ya hapo ndipo filta inatazamwa. Magari ya zamani yana filta ya nje, inayofikika kwa urahisi. Katika mengi ya karibuni, kama Toyota Probox, filta iko ndani ya tanki pamoja na pampu, na kwa kuwa haionekani, yako magari ambayo hayajabadilishwa filta tangu yatoke Japani. Filta iliyoziba inapitisha esansi ya kutosha kwa gari lililosimama na si ya kutosha kwa mlima. Fundi mwenye geji ya presha anaweza kuthibitisha bila kubahatisha: magari mengi ya aina hii yanahitaji ba 3 hivi, na presha isianguke injini inapokanyagwa. Ikianguka, filta na kichujio cha pampu vinabadilishwa kabla ya kuihukumu pampu. Fundi asiye na geji anakisia tu, hata akiwa na miaka 20 ya kazi.

Upande wa cheche, bujie zenyewe zinasema mengi. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi inaonyesha esansi imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeupe sana inaonyesha esansi imepungua. Nafasi kati ya ncha mbili ina kipimo chake, milimita 1.0 hadi 1.1 kwa injini nyingi ndogo za Toyota, nayo hupanuka kadiri bujie inavyolika. Nafasi ikizidi, umeme unashindwa kuruka wakati wa kukanyaga.

Kwa magari yenye bobini moja juu ya kila silinda, kuna mbinu ambayo haitaki kipuri kipya. Skana ikisoma P0302, silinda ya pili haichomi. Hamisha bobini ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili, halafu futa kodi na uendeshe. Ikirudi P0303, bobini ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0302, iache bobini, tazama bujie, injekta au mkandamizo wa silinda hiyo. Dakika kumi za kazi hiyo zimeokoa bobini nyingi nzima zisitupwe.

Maji nayo yana sehemu yake. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoingia mjini, na tena mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kufunika sehemu za Kalundu na njia ya Gatumba, magari mengi yalipita ndani ya maji. Maji yakiingia kwenye mashimo ya bujie au kwenye viunganishi vya nyaya, cheche inatoroka pembeni. Viunganishi hivyo hubaki na kutu ya kijani miezi mingi baada ya barabara kukauka. Kuvifungua na kuvisafisha ni kazi ya asubuhi moja.

Kuhusu hewa, vumbi la uwanda wa Ruzizi wakati wa kiangazi linajulikana. Filta ya hewa haioshwi kwa esansi, ingawa inafanywa kila siku. Karatasi yake inaharibika, na vumbi linapita moja kwa moja mpaka kwenye sensa inayopima hewa. Waya wa sensa hiyo ni mwembamba kama unywele. Ukifunikwa na vumbi, kompyuta inaambiwa hewa ni kidogo kuliko ilivyo, inatoa esansi pungufu, na gari linasita pale linapokanyagwa. Skana mara nyingi inasoma P0171, yaani mchanganyiko una esansi chache. Sensa husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa. Kodi hiyohiyo inatokea pia mpira wa hewa ukipasuka baada ya sensa, kwa hiyo mpira ukunjwe kwa mkono na kutazamwa vizuri, maana ufa hujificha kwenye mikunjo.

Gari lisilopita mizunguko fulani hata ukikanyaga mpaka chini, na moshi wake ukitoka kwa udhaifu, huenda limeziba katalisa, lile boksi la chuma kwenye bomba la moshi. Mara nyingi limezibwa na ugonjwa uliopuuzwa: esansi isiyoungua kwenye silinda inaenda kuungulia humo na kuliyeyusha. Taa ya injini inayowaka na kuzima wakati gari linarukaruka inaonya juu ya jambo hilo hasa.

Magari ya mazutu ni habari nyingine. Hayana bujie za cheche, na kusita kwake huanzia filta yenye maji au mpira wa turbo uliopasuka.

Dereva asichanganye pia ugonjwa na hali ya nchi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, Bukavu iko karibu mita 1,500, na hewa ya huko juu ni nyepesi kwa karibu asilimia 7. Nguvu kupungua polepole kadiri unavyopanda ni kawaida. Kukohoa si kawaida.

Kazi yote ya tanki na mipira ya esansi inafanywa nje, injini ikiwa imepoa na betri imefunguliwa. Watu wa barabara hii hawahitaji kuelezwa sana. Tarehe 2 Julai 2010, lori la esansi lilipinduka Sange, watu wakasogea, wengine na ndoo, na moto ukaua zaidi ya watu 230. Bado kuna mafundi wanaofungua pampu ndani ya garaji iliyofungwa, taa ya umeme ikining'inia juu ya tanki lililo wazi.

Na gari likianza kukohoa njiani, katikati ya Ngomo, huku abiria wamo ndani, hakuna cha kupima hapo. Dereva asijaribu kupita gari lolote. Apunguze mguu, ashushe gia, na gari likishika kwa mwendo mdogo alipeleke mpaka mahali papana pa kusimama. Abiria washuke upande wa mlima, wakae mbali na barabara, na jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu kabla ya boneti kufunguliwa.