Malaria ikipanda kichwani, kushuka kwa homa si mwisho

Mzazi wa Ilagala, tuseme mwanao wa darasa la kwanza alipata malaria ikampanda kichwani. Alishikwa na degedege, akapoteza fahamu, ukamkimbiza hospitali, akapona. Sasa unamtuma dukani chumvi na sabuni, anarudi mikono mitupu; amesahau alichotumwa. Majirani wanakwambia, “Mwache, atakua tu.”

Usimwache. Malaria ya aina hii huziba mishipa midogo ya damu kwenye ubongo. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa miaka miwili baada ya kuugua, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na tatizo la kukumbuka, kutulia kwenye jambo moja au kujifunza.

Matatizo hayo yatagunduliwaje mapema? Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia wa Kenya, alilifanyia kazi swali hilo Kilifi, akichunguza makuzi ya watoto. Vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Mtoto wa kijijini asiyewahi kuona vifaa vyake angeweza kuonekana mzito bure. Yeye na wenzake wakatengeneza kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vitu vinavyopatikana katika mazingira yao.

Leo anaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Hajaacha utafiti, ila mzigo umebadilika. Mtafiti mmoja hupima watoto wachache kwa siku. Kiongozi hutafuta fedha na kulea watafiti vijana watakaowafikia wengi zaidi.

Hata hivyo, hakuna kipimo kinachomfikia mtoto asiyepelekwa kituoni. Wewe ndiye mpimaji wa kwanza. Baada ya malaria kali, angalia kama anasikia, anaongea na kutembea kama zamani, na kama degedege inarudi bila homa. Mwulize mwalimu wake pia. Ukiona mabadiliko, mrudishe kituo cha afya na useme wazi: “Aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria.”

Na degedege ikimshika, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, mwahishe kituoni. Kwa mganga wa jadi utapoteza saa ambazo ubongo wake hauna.