Soma Chuma Kwanza

Bolti haikuzidi kidole gumba. Ilikuwa imeshika bampa ya mbele, imevaa kutu na tope la miaka, na juu ya hayo mtu aliwahi kuipaka ile rangi ya fedha ya mageti. Niliimwagia dizeli, nikangoja, nikapitisha burashi ya waya mara nne au tano. Kichwani ikajitokeza herufi moja: F, yenye mkia uliopinda kama ya mwandiko wa mkono.

Mwenye gari ni mzee wa Moshi. Marehemu baba yake alilinunua kwenye shamba la kahawa, na tangu simu ya kwanza mzee alikuwa ameniambia kwamba ni Willys, gari la Wamarekani, na kwamba kazi ni ya rangi tu. "Fundi, mimi nataka ing'ae," alisema. Nikamwita aione ile bolti. "Mzee, kabla haijang'aa, tujue kwanza ni nini."

Wengi wanaopenda magari ya zamani ya jeshi huanza na kopo la rangi. Naona ni kosa, tena kosa lisilorekebishika. Gari la jeshi limeandikwa mwili mzima: kwenye chesisi, kwenye injini, kwenye vibati vya dashibodi, kwenye vichwa vya bolti na ndani ya rangi yenyewe. Msasa wa mashine hufuta yote hayo kwa mchana mmoja.

Ile F ni ya Ford, na ili kuelewa ilifikaje kwenye gari linaloitwa Willys, inabidi kurudi 1940. Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo jepesi la upelelezi, likatoa siku 49 za kuleta gari la mfano. Kampuni ndogo ya Bantam, ya Butler, Pennsylvania, ikamchukua mhandisi Karl Probst alichore, na gari likafikishwa Camp Holabird, Maryland, tarehe 23 Septemba. Bantam wakashinda mbio wakakosa zawadi. Kiwanda chao kilionekana kidogo mno kwa mahitaji ya vita, washindani wao Willys-Overland na Ford wakaruhusiwa kuona kazi yao, na mkataba mkubwa ukaenda Willys, ambao injini yao ya lita 2.2 na nguvu za farasi 60 iliwaacha wenzao mbali. Hata Willys peke yao hawakutosha, na Ford wakapewa kutengeneza gari lile lile kwa michoro ile ile. Willys waliita lao MB, wakatoa karibu 360,000. Ford waliita lao GPW, wakatoa karibu 280,000. G ilikuwa ya serikali, P ilimaanisha gari lenye inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, na W ilikiri kwamba injini ni ubunifu wa Willys. Wanaosema neno jeep lilizaliwa na herufi GP wana hadithi tamu, ila ushahidi wake ni mwembamba.

Ukisimama mita kumi, MB na GPW ni Kulwa na Doto. Sogea karibu. Kwanza hesabu matundu marefu ya grili. Willys za mwanzo kabisa zilikuwa na pau za chuma zilizochomelewa. Ford wakaleta grili ya bati moja lililokandamizwa, yenye matundu tisa, na Willys nao wakaifuata. Ukihesabu saba, mbele yako kuna gari la baada ya vita, mara nyingi la raia, CJ-2A au wadogo zake, hata kama limepakwa nyota nyeupe kila upande. Kisha shika taa za mbele. Za gari la vita ni ndogo, zimekaa nyuma ya grili kwenye kishikio chenye bawaba: unalegeza nati moja ya masikio, unageuza taa nzima ikatazama nyuma, nayo inamulika injini usiku unapotengeneza. Sijaona ubunifu mwingine wa gari unaonifurahisha kama huo, na hauhitaji hata waya mmoja wa ziada.

Sasa lala chini, upeleke mkono mbele ya rejeta, kwenye pau inayounganisha mbavu mbili za chesisi. Ikiwa ya mviringo kama bomba, chesisi ni ya Willys. Ikiwa ina umbo la U iliyopinduliwa, ni ya Ford. Kipimo hiki hakihitaji macho, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu mtu anaweza kubadilisha kibati lakini si rahisi abadilishe pau hiyo. Namba nayo ina mahali pake. Willys waliiweka kwenye kibati kilichopigwa ripiti upande wa ndani wa ubavu wa kushoto, nyuma ya bampa, na vibati hivyo vingi vimepotea. Ford waliigonga moja kwa moja kwenye chuma, juu ya ubavu wa kushoto, karibu na kiti cha injini.

Gari la mzee lilikuwa na U. Tukafurahi, tukasema kesi imeisha: ni Ford. Halafu nikafuta grisi kwenye bloku ya injini, nikakuta namba inayoanza na MB. Injini ya Willys, ndani ya chesisi ya Ford.

Mzee alidhani ametapeliwa. Nikamweleza kwamba machotara ndiyo kawaida. Jeshi lilitaka magari ya kampuni mbili yafanane ili spea ya moja iingie kwenye nyingine bila kuguswa na faili, na karakana za vitani hazikuwa na muda wa kuchunga nasaba. Injini zilitolewa zikarundikwa upande mmoja, zikafanyiwa ukarabati, zikarudi kwenye gari lolote lililokuwa zamu. Tangu 1944 hata bodi za kampuni zote mbili zilitoka kwa mtengenezaji mmoja. Baada ya vita Wafaransa walizikarabati Jeep kwa wingi kwenye karakana zao za jeshi, na kampuni yao ya Hotchkiss ikaendelea kuunda mpya kwa leseni, aina ya M201, hadi 1966. Kwa hiyo anayekuuzia Jeep "ya asili mia kwa mia" mwulize asili ya siku gani: ya siku ilipotoka kiwandani, au ya siku ilipotoka vitani?

Siku hiyo hiyo kijana wangu alivunja stadi mbili za gurudumu. Alikuwa upande wa kushoto, anafungua nati kama anavyofungua gari lolote, ikagoma, akaongeza bomba kwenye spana. Kumbe nati za kushoto za Jeep hizi zina nyuzi za kinyume. Unafungua kwa kuzungusha unakofungia nyingine. Gharama yake ni ndogo. Rimu za kivita ndizo zinazoua. Zimeundwa kwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa mduara wa bolti, ili askari abadilishe tairi bila mashine. Anayezilegeza bolti hizo badala ya nati za stadi, tairi likiwa na upepo, anaweza kurushiwa rimu usoni. Toa upepo wote, chomoa na kifimbo cha valvu, ndipo ushike spana. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa, maana lina asbestosi. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Wasomaji wengi wa huku kwetu hawatakutana na Jeep ya vita, lakini Land Rover kila mtu anayo ya mjomba wake, na Land Rover ni mtoto wa Jeep. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na Jeep iliyobaki baada ya vita kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Alipoanza kujiuliza atanunua nini ikifa, akaamua kuunda lake. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na Land Rover iliyoonyeshwa Amsterdam mwishoni mwa Aprili 1948 ilikuwa na zile zile inchi 80 kati ya ekseli. Bodi ikawa ya aloi ya alumini kwa kuwa Uingereza ya wakati huo ilikuwa na uhaba wa chuma. Hapo ndipo penye donda la gari hili: alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini inageuka unga mweupe kwenye viungo, huku chesisi ikioza kutokea ndani. Bodi inabaki nzuri ya kupiga picha. Magari ya pwani, Tanga hadi Mombasa, ndiyo mabaya zaidi. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo urefu wote. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kama debe lenye mchanga.

Kutambua kama Land Rover yako iliwahi kuvaa gwanda kuna raha yake. Angalia namba ya chesisi kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, kisha uilinganishe na kadi ya gari. Tarakimu za mwanzo hutaja aina ya gari na soko lililolengwa. Ingia chini nyuma. Ukikuta kitaa kidogo kinachomulika difu iliyopakwa nyeupe, umefika: ni taa ya msafara. Usiku wa vita magari yalizima taa zote, na dereva wa nyuma alifuata kile kiduara cheupe tu, kisichoonekana kutoka angani. Angalia pia betri. Magari yaliyofungwa vyombo vya mawasiliano yalitumia volti 24, yenye jenereta nzito na waya za plagi zilizovikwa wavu wa chuma ili cheche zisiingilie redio. Nimeona fundi umeme akiling'oa fungu zima hilo, akalitupa, akafunga altaneta ya Toyota. Gari liliwaka vizuri sana, na ushahidi wake ukaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa bei ya kilo.

Iko pia ile waliyoiita Lightweight, iliyotengenezwa kati ya 1968 na 1984. Ina madigadi bapa kama sanduku, na ilibuniwa iweze kuvuliwa milango, kioo na turubai ikaning'inizwa chini ya helikopta. Ikivaa vitu vyake vyote inakuwa nzito kuliko Land Rover ya kawaida ya inchi 88, kwa hiyo wepesi wake ni wa jina.

Iliyo adimu kuliko zote ni ya waridi. Mwaka 1968 kikosi maalumu cha Uingereza, SAS, kilipokea Land Rover 72 za inchi 109 zilizobadilishwa na kampuni ya Marshall ya Cambridge: hazina milango, zina matangi makubwa ya mafuta na vishikio vya bunduki, na zikapakwa rangi ya waridi, kwa kuwa jangwani rangi hiyo hupotea machweo na alfajiri. Zilitumika Oman, na wazee wa huko waliokuwa mkoani Dhofar miaka ya 1970 hawatashangaa nikisema jeshi lilipanda magari ya rangi ya khanga.

Rangi ndiyo imenirudisha kwa mzee. Watu hudhani kila gari la jeshi lilikuwa kijani kisichong'aa. Land Rover nyingi za jeshi la Uingereza wakati wa amani, kabla ya miaka ya 1970, zilipakwa kijani cha giza chenye kung'aa kabisa, na anayezipaka leo rangi isiyong'aa anazivika nguo ya vita ambayo hazikuwahi kuvaa. Jibu liko kwenye tabaka za chini. Chukua msasa laini wa maji, namba 800 au zaidi, sabuni kidogo, na subira. Sugua eneo la kiganja tu, kwa duara, ukisimama kila rangi inapobadilika. Utaona pete kama za mti: ya juu ya mwenye gari wa mwisho, chini yake ya shamba, chini yake praima nyekundu, halafu kijani. Piga picha kila pete. Na bolti usizirundike ndooni. Kila sehemu na kopo lake, lenye jina.

Boneti ya gari la mzee ilituchukua siku mbili. Chini ya rangi ya fedha kulikuwa na bluu, chini ya bluu njano ya trekta, na chini ya njano kijani cha zeituni kilichopauka. Jeep za Wamarekani zilibeba namba ubavuni mwa boneti, inayoanza na 20, na mimi nilikuwa nangoja hiyo 20. Badala yake ikatoka alama nyeupe ya herufi: mguu mmoja, mshazari, mshazari mwingine, mguu wa pili. M, ikifuatwa na tarakimu. M ilikuwa herufi ya Waingereza kwa magari madogo, zikiwemo Jeep walizopewa na Marekani kwa mkopo wa vita. Ndizo hizo hizo walizozijua askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliosukuma adui kwenye matope ya Bonde la Kabaw, Burma, 1944.

Mzee aliivuta miwani, akainama hadi pua ikakaribia boneti. "Kwa hiyo ni ya Mwingereza?"

"Boneti ni ya Mwingereza, mzee. Gari lenyewe bado sijui."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama inawezekana pale penye M pasipakwe kabisa. Tumepafunika kwa tepu na gazeti. Jumatatu tunaanza na bampa ya nyuma.