Mzee Haulizi Tena Habari za Mbuzi



Hapa Kipsing mtu akikaa chini ya mgunga kutwa nzima bila kuuliza mbuzi wamerudi wangapi, tunamwita mvivu. Kama zamani alikuwa mchungaji hodari, wengine watasema amelaaniwa. Lakini wako wagonjwa ambao ubongo wao umepoteza ule msukumo wa kuanza jambo, na leo tunaeleza habari zao.

Hali hii huwapata wengi baada ya kiharusi, ambacho mara nyingi huletwa na presha. Huwapata pia walioumia kichwa, wazee wanaosahau sana, na wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kutembea polepole. Na Parkinson si ya Wazungu peke yao. Ripoti ya mwaka 2008 kutoka wilaya ya Hai, Tanzania, ilionyesha wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, husaidiana na sehemu za ndani zinazotumia kemikali iitwayo dopamini. Hapo ndipo wazo la kufanya jambo linapogeuka kuwa kitendo. Njia hiyo ikiharibika, mtu anaweza kuwa na nguvu mkononi, anaiona chai pale, na bado asiinuke. Kumbe anaiona!

Si sawa na huzuni, ingawa mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Mwenye huzuni huumia moyoni, pengine atasema heri afe. Huyu ukimwuliza atakuambia hana shida yoyote. Hatari iko hapo: hataomba maji hata jua likiwa kali namna gani, hatameza dawa yake ya presha, na akiumwa hatasema.

Basi usimwulize, "Baba, unataka maji?" Atakataa. Mpe kikombe mkononi. Sema, "Baba, twende tuhesabu mbuzi," halafu umshike mkono muinuke pamoja. Mpe kazi moja moja, saa ile ile kila siku. Kumgombeza ni kujichosha bure. Na mama wa nyumba hiyo amechoka kweli kweli. Jumuiya ingeweza kumpokea hata siku moja kwa wiki apate kupumzika.

Lakini kama mabadiliko yamekuja ghafla, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, usingoje kesho. Tafuteni gari, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo.