Estrojeni hujenga ubongo, lakini si dawa ya kununua sokoni

Ukitaja estrojeni, wengi hufikiria hedhi, mimba na vidonge vya uzazi wa mpango. Ni wachache wanaojua kuwa homoni hiyo ina kazi kubwa pia ubongoni, kwa wanawake na kwa wanaume.

Seli ya ubongo ina matawi kama mti. Juu yake huota vichipukizi vidogo mno, ambavyo hupokea ujumbe kutoka seli jirani. Mwaka 1976 mtafiti Dominique Toran-Allerand wa New York, Marekani, alikuza maabara vipande vya ubongo wa panya wachanga. Vilivyotiwa estrojeni vilitoa nyuzi nyingi zaidi.

Mwaka 1990, Catherine Woolley, Bruce McEwen na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walihesabu vichipukizi hivyo kwa panya jike wazima, katika hipokampasi, sehemu inayoshughulikia kumbukumbu. Waliona kuwa huongezeka estrojeni inapopanda, kisha hupungua kwa asilimia 30 hivi ndani ya saa 24. Kumbe hata ubongo wa mkubwa hujengwa na kubomolewa kila mara.

Wanaume nao wamo. Ubongo wao hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Katika soko moja la mpakani nilimkuta mama muuza vitenge akinunua vidonge visivyo na kasha.

“Mwanangu, tangu hedhi ikome nasahau hata wanaonidai na ninaowadai,” aliniambia. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba vina estrojeni, na vitamrudishia kumbukumbu.

Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2003 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilimeza estrojeni pamoja na projestini, jingine vidonge visivyo na dawa. Waliopata maradhi ya kupoteza akili walikuwa 40 katika kundi la kwanza na 21 katika la pili. Aidha, vidonge vya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa.

Hii haina maana kwamba homoni ni sumu. Madaktari bado huwaandikia baadhi ya wanawake wanaosumbuliwa na joto kali la mwili hedhi inapokaribia kukoma, baada ya kuwapima presha na kuuliza historia ya maradhi. Umri, kipimo na aina ya dawa ndivyo vinavyoamua. Kusahau nako huweza kuletwa na kukosa usingizi, mawazo mengi au maradhi ya tezi ya shingo.

Nawe uliyerejea nyumbani na vidonge ulivyoandikiwa ulikokuwa, usimgawie jirani. Vipeleke hospitali pamoja na kasha na karatasi yake, maana jina la dawa hubadilika ukivuka mpaka, lakini kilichomo ni kilekile.