Kigae ni kipini cha ukuta, si shuka lake

Biashara ya vigae imeshamiri katika miji yetu ya pwani. Kila barabara kuu utalikuta duka lake: vigae vya sakafu na vya ukutani, vyenye maua na vyenye mistari, vingine vimepigwa rangi vifanane na mbao, vingine vifanane na mawe. Mtu akijaliwa senti mbili tatu, jambo la kwanza ni kubandika vigae ukumbini, kisha chumbani, kisha nje barazani, mpaka nyumba nzima ing'are kama wodi ya hospitali.

Sina ugomvi na kigae. Ni kitu safi, hufutika upesi, na maji hayakiingii. Ugomvi wangu ni juu ya mahali kinapobandikwa na kiasi chake. Sisi watu wa pwani tulivijua vyombo vya kung'ara ukutani miaka mia sita na zaidi kabla ya maduka haya, na tulikuwa na adabu ya kuvitumia. Adabu hiyo twaipoteza, na pamoja nayo twazipoteza nyumba zenyewe.

Tuanze na neno. Kigae, kwa asili yake, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Bibi zetu walikitilia makaa, na walikikaangia bisi. Halafu katika karne ya 19 yakaja mapaa mekundu kutoka Bara Hindi. Kiwanda cha kwanza cha vigae vya Mangalore kilianzishwa na wamisionari wa Basel mwaka 1865, na jahazi na meli zikavileta vigae hivyo mpaka Mombasa na Unguja. Jina la gae la jikoni likapanda juu ya paa. Leo limeshuka tena, likaenea ukutani na sakafuni. Neno ni lile lile, lakini matumizi yamegeuka.

BAKULI NDANI YA CHOKAA

Anayetaka kuona jinsi wazee walivyotumia kitu cha kung'ara aende Gedi, au Gede kama wasemavyo wenyeji, karibu na Watamu. Mji huo ulianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Humo liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Na katika kibla cha msikiti mkuu zimo alama za mabakuli yaliyopachikwa ndani ya mawe na chokaa.

Si Gedi peke yake. Mambrui liko kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya Kichina. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi yana nguzo zilizopachikwa sahani. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wa makuba, ukiinua macho utaona mabakuli yamekaa juu ndani ya kuba, kama nyota zilizosahau kuchwa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza, si nyepesi kuifanya. Mwashi aliacha kishimo cha duara, akapaka chokaa mbichi, akalikandamiza bakuli kitako ndani na uso nje, kisha akalisawazisha ukingo wake na lipu. Hakulivunja wala hakulichonga. Chombo kilichoumbwa kuliwa wali kikawa johari ya ukuta.

Mtu atauliza: kwa nini bakuli moja moja? Isfahan na Samarkand wamefunika kuta nzima kwa vigae vya buluu, na misikiti yao yasifiwa duniani kote. Jawabu moja ni kwamba wao walikuwa na matanuri ya kuchomea vigae, na sisi vyombo vya namna hiyo vilitujia kwa bahari, vikivuka Bahari Hindi na pepo za kaskazi. Lakini jibu hilo halitoshi. Matajiri wa Kilwa na Pate wangaliweza kununua zaidi. Naona jibu la pili liko katika jicho la mwashi. Chokaa haing'ari, weupe wake ni mpole, hunywa mwanga. Ukiweka kitu kimoja kinachong'aa katikati ya weupe huo, jicho hukiendea moja kwa moja. Ndivyo alivyo mwanamke wa kwetu na kipini chake: dhahabu ndogo, puani, na uso mzima ukachangamka. Angejibandika dhahabu uso mzima, nani angeuona uzuri wake?

Mengi katika mabakuli hayo hayapo tena. Yamebanduliwa na wezi na wapenda vitu vya kale, yakabaki matundu ya duara kama macho yaliyong'olewa. Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya mwaka 2006 yalinda mahali kama hapo, lakini sheria hailali makaburini. Alalaye hapo ni jirani, na jirani asipojua thamani ya bakuli hatapiga kelele likibanduliwa.

ZIDAKA ZA LAMU

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Mji wa kale wa Lamu ulitiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na huko iko nyumba moja ya kale iliyofanywa makumbusho, kila mtu aweza kuiingia. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari yake imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Mwanga huingia kwa kiwanda, yaani ua wa katikati, hupita misana miwili, na ukifika chumba cha nyuma kiitwacho ndani, umekwisha kuchoka.

Ukuta wa chumba hicho cha mwisho ndio waliouchagua kuupamba. Waliujaza zidaka, vijishubaka vya chokaa safu juu ya safu, kingo zake zimechongwa maua na mishipi. Mwanga ule mchovu ukigusa kingo hizo, kila kidaka hupata kivuli chake, na chumba chembamba huonekana kina kina kisichokuwa nacho. Humo zilipangwa sahani na mabakuli. Wako walioamini kwamba chombo cha kaure huzuia jicho la husuda. Na bibi arusi alipoonyeshwa kwa wanawake wenziwe, alikaa mbele ya zidaka hizo, na weupe wa ukuta ukamzunguka.

Hata birika la maji halikusahauliwa. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, walipachika bakuli la kaure, na ndani ya maji wakaweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Uzuri na manufaa vililala kitanda kimoja.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kuiliza Pate, hakuona dalili ya kuanguka kwa mji kubwa kuliko madaka yaliyokosa sahani zake. Mtunzi alijua kwamba mji huanza kufa ukutani.

JIWE LIRUDILO JIWE

Nguvu ya yote hayo ni chokaa. Walichoma matumbawe na mawe ya pwani juu ya magogo yaliyopangwa duara, moto mkali, kisha wakaiacha chokaa ipoe na kuloana miezi kadhaa kabla ya kuitumia. Moto hutoa hewa iliyofungwa ndani ya jiwe. Mwashi akiipaka ukutani, chokaa huanza kuivuta hewa ile ile tena kidogo kidogo, mpaka inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo lipu ya chokaa haikauki tu kama udongo, bali huiva, na miaka huiongezea nguvu.

Sakafu na mapaa bapa yalitandazwa chokaa na kokoto, yakapigwa kwa vipande, ambavyo ni vibao vya kupondea, kundi zima la watu kwa nyimbo, siku baada ya siku. Nyimbo hazikuwa za kujipumbaza. Mdundo mmoja hushindilia sawa, na kilichoshindiliwa sawa hakipasuki.

UKUTA UKIZIBWA PUMZI

Hapa ndipo penye msiba. Ukuta wa mawe ya matumbawe una vitundu visivyohesabika. Hunyonya maji ya ardhini, na maji ya pwani yana chumvi. Maadamu umepakwa chokaa, unyevu huo hupanda kidogo, hutoka nje kwa lipu, na jua na upepo huuchukua. Lipu huliwa na chumvi pole pole, na kila baada ya miaka kadhaa hupakwa upya. Lipu ndiyo inayokufa ili ukuta uishi.

Sasa mwenye nyumba achoka na kupaka. Aita fundi, ukuta unakandikwa saruji, na juu ya saruji vigae mpaka kifuani. Mwezi wa kwanza ni hongera na kahawa. Lakini maji hayakusoma ankara ya duka. Yakikosa mlango wa kutokea hapo chini, hupanda juu zaidi kuutafuta. Chumvi huganda nyuma ya saruji na kuisukuma. Unyevu hufika vichwani mwa boriti, mahali zinapolala ndani ya ukuta, na boriti huanza kuoza kwa siri. Nimeingia nyumba za namna hii katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ukigonga vigae kwa kidole vyalia wazi kama ngoma, na juu yake liko doa la majimaji linalopanda kila mwaka. Mwenyewe hulaumu kigae kibovu, hununua kingine, akabandika tena. Anamziba mgonjwa pua, kisha amshangaa akikohoa.

Si haki kumlaumu mwenye nyumba peke yake. Chokaa ya kuchoma imekuwa taabu kuipata, na wazee wanaojua kuilaza na kuichonga zidaka wanapungua. Wala hatuwezi kurudi kuvunja matumbawe yaliyo hai baharini na kufyeka mikoko kama zamani. Samaki wetu wamo humo, na mikoko ndiyo inayoshika ufuo. Lakini chokaa hutengenezwa pia kwa mawe ya nchi kavu, na huuzwa kwa mifuko. Kinachokosekana ni mkono unaoijua, na mkono hujifunza kwa mkono mwingine. Kijana hatajifunza ufundi ambao hakuna anayemwita kuufanya.

TUFANYEJE BASI?

Kwanza, mwenye nyumba ya kale aujue ukuta wake kabla ya kuingia dukani. Akwangue pembeni, aangalie. Ikiwa ni matumbawe na chokaa, lipu yake iwe chokaa, na rangi yake iwe chokaa. Ikiwa ni matofali ya saruji ya juzi, basi kigae hakina madhara hayo, na shauri ni la macho yake.

Pili, kigae kipewe kazi yake: kando ya bomba, penye jiko, chooni na bafuni. Hata huko, ikiwa ukuta ni wa matumbawe, kiishie pale maji yanaporuka, na sehemu ya juu iachiwe kupumua.

Tatu, anayependa pambo afuate kanuni ya bakuli. Kigae kimoja kizuri juu ya mlango, au safu moja chini ya dirisha, katika ukuta mweupe, kitasemwa na wageni kuliko vigae elfu. Mafundi wengine siku hizi hukusanya vigae vilivyovunjika, wakavipanga barazani rangi kwa rangi, na hutoka mambo mazuri kweli. Hao, wajue wasijue, wamelirudisha neno nyumbani kwake: kigae ni kipande, na kipande chaweza kuwa pambo.

Tuliosoma chuoni twakijua kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema aliyefuatana naye, kilichomo katika Suratul Kahf. Walifika mji ambao wenyeji wake waliwanyima hata chakula. Wakakuta ukuta unataka kuanguka, na yule mja akausimamisha bila ujira. Musa alistaajabu. Baadaye akaambiwa kwamba chini ya ukuta huo palikuwa na hazina ya mayatima wawili, nao wangeikuta watakapokua. Mayatima wa kuta zetu ni watoto tutakaowaachia miji hii. Nami namwachia mwashi ubeti huu:

Mwashi, jengo lauguwa, dawa yake si saruji,
Chokaa ukiijuwa, itakutosha mtaji,
Ukuta hujibanduwa, yakinyimwa njia maji,
Ya wazee kuyatuwa, ni kuuangusha mji.